Viatu vya Wanunuzi

"Basi kama friji zangu zinakutia aibu, niuze na mimi humo humo," alisema Fundi. Alikuwa amekaa juu ya friji moja iliyolazwa chali, mikono kifuani, kama kuku anayeatamia.

"Ningekuuza zamani, Baba Pacha, ni wateja tu waliokosekana. Nyanyuka nitandike shuka."

"Sinyanyuki."

"Basi nakufunika na wewe."

Mama Pacha hakuwa mtu wa kutisha bure. Alilikung'uta shuka jeupe mara moja, likatanda hewani na kumshukia mumewe kuanzia utosini. Kutoka chini yake ikasikika sauti ikilalamika kwamba mwenye nyumba anazikwa angali na njaa. Kisha sauti hiyo ikatangaza mgomo: haitoki humo mpaka iombwe radhi. Shuka likajinyoosha juu ya friji, likalala.

"Shemeji," alisema Dalali kutoka mlangoni, "gombaneni, sikatai, lakini gombaneni haraka. Mnunuzi yuko njiani."

Dalali alikuwa mdogo wake Fundi, na kazi yake ilikuwa kuuza nyumba za watu. Siku hizo hakukosa kazi. Mji ule ulikuwa mdogo na mkongwe, nyumba za mawe zimebanana kwenye vichochoro, na kileleni kulikuwa na Kaburi la Mtawa, ambalo mahujaji walilijia kutoka kila upande. Watu wa mbali waliostaafu walitamani kumalizia umri wao karibu na Kaburi. Watu wa mji nao walitamani kumalizia wa kwao karibu na maji ya bomba yasiyokatika. Kwa hiyo kila kichochoro kilikuwa na kibao cha nyumba inayouzwa, na Dalali alikuwa ameota kitambi.

Nyumba hii alikuwa bado hajaiuza, na ndimo alimozaliwa.

Sababu ya kuuza ilikuwa ghorofani. Mama mkwe wa Mama Pacha, Bibi kwa kila mtu mwingine, alikuwa na magoti mabovu, na ngazi ya nyumba ile ilikuwa nyembamba na imesimama wima kama ya kupandia darini. Tangu siku alipoteleza na kuponea chupuchupu, hakuwahi kushuka tena. Chakula kilimfuata juu, maji ya kuoga yalimfuata juu, na aliyevipandisha alikuwa Mama Pacha, akirudi kutoka kazini na miguu imevimba. Dirisha la chumba cha Bibi lilitazama ukuta wa jirani, na ukuta ule haukuwa na habari mpya. Dirisha pekee la nyumba lililotazama barabara lilikuwa chini, kwenye chumba cha kazi cha Fundi, na lilizibwa na friji.

Mama Pacha aliziomba friji zile zitoke, kwa upole, kwa ukali na kwa kununa. Jibu lilikuwa lile lile.

"Ni friji za zamani, chuma kitupu," Fundi angesema. "Nilizipanga ningali kijana mwenye kifua. Sasa hivi hata uite jeshi, hazisogei. Halafu ni za wateja."

"Wateja gani? Wengine wamekufa."

"Warithi wapo."

Mwishowe Mama Pacha alichoka. Kama friji hazitoki ndani ya nyumba, basi watu watatoka. Huko nje ya mji kulikuwa na nyumba ya chini, tambarare, milango mipana. Wangeuza hii na kununua ile. Dalali akapigilia kibao ukutani, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha.

Alijiandaa kama anavyoandaa kila kitu, bila masihara. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya nyumba za wageni, mahali ambapo mashine zinanguruma kiasi kwamba asiye na sauti hana kazi. Sauti alikuwa nayo. Mashuka aliyaazima huko huko, akayafunika mafriji yote mpaka chumba cha kazi kikajaa marundo meupe, marefu na mafupi, yaliyonyooka vizuri. Harufu ya grisi aliifukuza kwa ubani, akauwasha kwenye kila pembe mpaka macho yakamwasha na yeye. Akasugua vigae vya sakafu kwa sabuni ya kiwandani, ile isiyotania na uchafu, na mafuta yaliyomwagika chini miaka yote yakachanganyika na sabuni, sakafu ikang'aa ikawa kama kioo kilicholowa.

Dalali naye alileta gunia lake.

Gunia lilikuwa siri ya biashara yake. Ndani mlikuwa na viatu: vya kike na vya kiume, ndala, kandambili, viatu vya ngozi vilivyokosa wenyewe. Kabla mnunuzi hajafika, alivipanga mlangoni kwa unadhifu.

"Mnunuzi akikuta mlango mtupu, anaanza kuhesabu nyufa," alimweleza shemeji yake. "Akikuta viatu, moyo unamwenda mbio. Anajua kuna wenzake ndani. Anaogopa kupitwa."

"Na akiingia akakuta hakuna mtu?"

"Namwambia wametoka kwa mlango wa nyuma kwenda kutafuta pesa."

"Hatuna mlango wa nyuma, shemeji. Tuna wa kwenda uani tu, na ua hautokei popote."

"Hilo hataligundua mpaka ahamie."

Ujanja huu aliutumia mitaa mingine yote ukamletea riziki. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba hakuwahi kuutumia kwenye kichochoro hiki, ambacho ndicho mahujaji wote walichokipanda kwenda juu.

Mama Pacha alikuwa ghorofani akimfunga Bibi kilemba cheupe.

"Nikiulizwa mimi ni nani, niseme nini?" Bibi aliuliza.

"Sema wewe ni mgeni, Mama. Dalali anasema nyumba yenye mzee ndani haiuziki, watu wanaona haya kumtoa."

"Nimeingia hapa bibi harusi, nimezaa hapa, nimefiwa hapa. Leo ndiyo nimekuwa mgeni." Alimtazama mkwewe kwenye kioo. "Huko mnakonipeleka, nitamwona nani?"

"Kuna uwanja mkubwa. Kuna hewa."

"Hewa haina umbea, mwanangu."

Mama Pacha alikaza fundo la kilemba kuliko ilivyohitajika. Alijua. Lakini alijua pia ngazi, na alijua magoti yake mwenyewe yalishaanza kumjibu vibaya.

"Mama, ukianguka tena, mimi ndiye nitakayekuokota."

"Najua. Ndiyo maana sijakutukana bado."

Hapo wakasikia miguu chini. Miguu mingi, isiyo na viatu.

Mama Pacha alishuka hadi katikati ya ngazi, akasimama. Chumba cha kazi kilikuwa kimejaa watu mpaka mlangoni, na nyuma yao wengine walikuwa wameinama barabarani wakivua viatu na kuvipanga pamoja na vile vya gunia. Mbele yao alisimama mtu wa makamo aliyeinua mwavuli uliofungwa, ili wenzake wasimpotee. Alikuwa kiongozi wa msafara, na ilionekana wazi kwamba njia hii alikuwa anaipita kwa mara ya kwanza. Alikuta mlango wazi, viatu kibao, moshi wa ubani ukitoka nje, na ndani marundo yaliyofunikwa kwa nguo nyeupe. Angefikiri nini kingine? Mama mmoja mzee alikuwa ameshaweka kiganja juu ya friji ya milango miwili na machozi yakimtiririka.

Dalali alikuwa amesimama mbele yao, uso umemeta kama sufuria jipya.

"Shemeji," alinong'ona alipomwona, "nilimtarajia mmoja. Ona. Ona baraka hii."

"Hao siyo—" alianza Mama Pacha, lakini Dalali alishageuka, akatoa ile sauti yake ya kuuzia.

"Karibuni, karibuni sana. Mahali hapa ni pa kale, pamejengwa kwa mawe, na kuta zake hazina ufa."

"Amina," umati ukaitika.

Dalali alisita. Hakuwahi kupata wanunuzi wa namna hii. Akaendelea kwa kujiamini zaidi.

"Paa lilibadilishwa lote."

"Amina."

"Jua la asubuhi linaingia, la jioni haliingii."

"Amina."

"Choo ni kipya."

Yule mwenye mwavuli akawatazama wenzake, akaona bora kuwa upande salama. "Amina," alisema, na wengine wakamfuata.

Mama Pacha alishika kinywa kwa mikono miwili. Kicheko kilikuwa kimempanda mpaka kooni na kinagonga kitoke. Yule mama mzee alikuwa amemaliza na friji ya milango miwili, sasa anaisogelea ile iliyolazwa chali, yenye rundo refu lililonyooka juu yake. Akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya shuka, taratibu, kwa heshima yote.

Shuka likakohoa.

Kisha likaketi.

"Mama Pacha," likasema kwa sauti ya usingizi, "chai imebaki?"

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Mama mzee alipiga kelele iliyosikika mpaka Kaburini kwenyewe. Waliokuwa mlangoni walitoka, wakarudi kuchukua viatu, wakakuta ni vingi kuliko miguu, wakachanganyikiwa zaidi. Kundi moja likaikwea ngazi, likampita Mama Pacha kama maji yanavyolipita jiwe. Wengine walirudi nyuma kwa kishindo kimoja wakaegemea friji kubwa ya dirishani, baba wa mafriji yote, ambayo Fundi aliapa kwamba hata jeshi haliiwezi. Sakafu ilikuwa na grisi na sabuni ya kiwandani. Friji ikateleza. Ikapita chumba kizima kwa utulivu kama mtu anayekwenda kuchukua kiti chake, ikagonga ukuta wa upande wa pili, ikatulia.

Jua likaingia. Lilikuwa halijaingia humo tangu watoto wao pacha walipokuwa wakitambaa. Dirisha lilikuwa na kioo kizima, kimeshika vumbi tu, na nje yake ulionekana mtaa wote: muuza mishumaa na kibanda chake, kona ya kisima, watu wakipanda na kushuka.

"Ilisogea," alisema Mama Pacha.

"Imeteleza," alisema Fundi, shuka bado kichwani. "Kuteleza siyo kusogea."

Kutoka juu ikasikika sauti ambayo Mama Pacha alichelewa kuitambua. Alipanda kwa haraka, akiwaza kuanguka, akiwaza magoti, akafika mlangoni kwa Bibi akiwa anahema. Wale waliokimbilia ghorofani walikuwa wamemkuta bibi kizee mwenye kilemba cheupe kwenye kiti cha mikono, wakapiga magoti mbele yake kwa kukosa la kufanya. Na Bibi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kimeenda upande.

"Inukeni, sakafu ni baridi," alikuwa anasema. "Si mzimu huyo, ni mwanangu wa kwanza. Hata akiwa mtoto alikuwa analala popote. Haya, wewe binti mwenye miwani, umetoka wapi? Umeolewa? Na mbona huyu kaka anakuangalia hivyo? Ala, kumbe hamjuani? Mtajuana."

Binti akaficha uso, kaka akatazama dari, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Pacha alisimama pale pale. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alisikia mama mkwe wake akiuliza swali ambalo si kuhusu dawa au maji. Hakukumbuka.

Akageuka, akashuka ngazi, akapanda juu ya friji iliyolazwa chali.

"Nisikilizeni," alisema kwa ile sauti inayozidi mashine. Hata walioko barabarani walisimama na kiatu kimoja mkononi. "Hapa si mahali patakatifu. Kaburi liko juu, mkifika mtaliona, lina mnara. Hapa ni kwangu. Hivi vilivyofunikwa ni mafriji mabovu. Huyu ni mume wangu, na yeye ni mzima kiasi. Viatu mlivyovikuta mlangoni havina watu, ni vya shemeji yangu huyu, na ataeleza mwenyewe siku nyingine. Tunawaomba radhi."

Mwenye mwavuli aliushusha mwavuli wake polepole. Wote wakamtazama mama mzee, kwa kuwa ndiye aliyelia, na yeye ndiye mwenye haki ya kukasirika.

Mama mzee alijifuta macho. Akainua pembe ya shuka la friji ya milango miwili, akachungulia.

"Nimeliomba jokofu," alisema. "Nimeliomba jokofu liwabariki wajukuu wangu wote, kwa majina." Akakaa chini sakafuni, akaanza kutetemeka mabega. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo, kama bomba linalorudishiwa maji, kisha kikafunguka, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mtu mmoja akasema "choo ni kipya" na wenzake wakaitika "amina" na kushikana wasianguke.

Ilikuwa katikati ya hali hiyo mnunuzi halisi alipofika: mhandisi mstaafu, shati limepigwa pasi, pamoja na mkewe. Walivua viatu. Wakaingia, wakaona umati, na Dalali alisema kweli, mioyo yao ilienda mbio.

"Wote hawa wanaitaka?" Mstaafu alimuuliza Dalali.

"Umechelewa kidogo tu, mzee wangu," alisema Dalali, ambaye hata ndani ya mafuriko angeuza maji.

"Tunaichukua. Kwa bei uliyosema. Sikagui hata chumba."

Dalali alimgeukia shemeji yake, macho yamemtoka. Ndiyo ile nafasi. Ndiyo ile nyumba tambarare yenye milango mipana.

Mama Pacha hakumtazama. Alikuwa anatazama dirisha, halafu sakafu, halafu ile friji iliyokuwa haisogei. Halafu akaihesabu mikono iliyokuwa ndani ya chumba, mingi, mitupu, yenye nguvu ya kicheko.

"Haiuzwi," alisema.

"Tangu lini?" aliuliza Mstaafu.

"Tangu sasa hivi. Baba Pacha, friji zinakwenda uani."

"Uani mvua itanyesha," alisema Fundi.

"Zimekufa, zitaugua nini? Na kitanda cha Mama kinashuka, kinakaa hapa dirishani. Wewe karakana yako iko uani chini ya bati, na ukitaka kivuli zaidi, nitakufunika tena."

Fundi alifungua mdomo. Akasikia kicheko cha mama yake kikishuka kutoka juu, akaufunga. Akavua shuka kichwani, akalikunja mara mbili.

"Iliyo karibu na mlango itoke kwanza," alisema. "Na isishikwe kwenye mkono wa mlango, utang'oka."

"Ndugu zangu," Mama Pacha aliwaambia mahujaji, "Kaburi halihami. Nisaidieni kidogo kabla hamjapanda."

Hakuhitaji kurudia. Walishakuwa ndani, walishavua viatu, na siku yao ilishaharibika vizuri kabisa. Mwenye mwavuli aliuinua tena, safari hii kuonyesha njia ya uani. Friji zikaondoka moja baada ya nyingine, zikisukumwa juu ya grisi na sabuni, na kila moja ikipita mlango watu wanaitika "amina". Mama Pacha alisimama kwenye kona akipaza sauti: kushoto, inua, shusha, wewe mwenye kofia acha kuongea. Ngazini godoro lilishuka limekunjwa, halafu vipande vya kitanda, na mguu wake mmoja ulikuwa mikononi mwa mhandisi mstaafu, ambaye hakuweza kueleza uliingiaje.

"Ungekuja pembeni kidogo," alisema, mhandisi akiamka ndani yake. "Pembe hiyo haitoshi."

"Mume wangu," alisema mkewe, akitafuta viatu vyake kwenye lundo la mlangoni, "hatununui tena. Mbona unabeba?"

"Shika hapo mwisho," alimjibu.

Mwisho alishuka Bibi, juu ya kiti chake, vijana wawili wamembeba, mmoja wao yule kaka na mbele yake binti mwenye miwani akishika taa isiyohitajika.

"Taratibu. Mnanibeba kama debe la mafuta," Bibi alisema. "Haya, wewe kaka, angalia ngazi, binti utamwangalia ukifika chini."

Wakamweka kitandani dirishani. Sakafu ya nyumba ile ya kale ilikuwa na mteremko, na kitanda kikayumba.

"Kinataka kigingi," alisema Fundi.

Mama Pacha akatoka nje. Aling'oa kibao ukutani kwa mkono mmoja, akakikanyaga kikapasuka vipande viwili, akarudi na kipande chenye neno INAUZWA, akakisukuma chini ya mguu wa kitanda. Kitanda kikatulia.

"Shemeji," alisema Dalali kwa unyonge, "kibao kile kilikuwa kipya."

"Una gunia la viatu. Kauze hivyo. Na huyu mzee mpeleke akaone ile nyumba ya jirani, kashapata mazoezi."

Bibi alikuwa amekwishafungua dirisha. Alitoa kichwa nje, kilemba kimeenda upande, akakiangalia kichochoro kutoka juu mpaka chini kama anayekagua mali yake.

"Wewe, muuza mishumaa," aliita. "Kumbe umeota mvi. Hebu vuka huku haraka uniambie nani aliyekutia mvi hizo, na usimruke hata mmoja."